Nafasi ya Sita katika Albamu ya Mzee Gosbert

Mzee Gosbert Rwekaza anastaafu Ijumaa, tarehe 30 Oktoba 1998, baada ya kulitumikia ghala letu la Mobeni, Durban, kwa miaka ishirini na tisa na karibu miezi tisa. Aliingia langoni Jumatatu, tarehe 3 Februari 1969, akiwa na barua ya msimamizi wake wa bandarini na viatu vya kuazima. Viatu alivirudisha Jumamosi ile ile. Wasifu huu umeandikwa na Nasibu Shemboza, karani wa kuhesabu mizigo, kwa agizo la Mzee mwenyewe. Ndani yake mna jambo moja ambalo ni lazima lisomwe mbele ya wafanyakazi wote kabla hajaondoka, kwa sababu lilimchafua jina.

Mzee Gosbert alizaliwa Bukoba. Alikuja kusini akiwa kijana, kwa mkataba wa migodini, akatoka chini ya ardhi akiwa mzima, akaapa kwamba kazi yake inayofuata itakuwa na madirisha. Alipita bandarini kwanza; hapa kwetu alianza kama mpakiaji, akawa mpangaji wa mizigo, na mwaka 1981 akakabidhiwa funguo za kizimba, kile chumba cha wavu wa chuma kinachohifadhi mali ndogo za thamani. Madirisha hayamo. Alisema meneja alimdanganya kwa adabu sana hata akashindwa kukasirika.

Wazee wa ghala wanakumbuka mafuriko ya Septemba 1987. Barabara zilikatika, na Mzee akabaki humu siku mbili akihamisha mizigo ya chini kuipandisha juu. Walipomfikia walimkuta amelala juu ya masanduku ya chai, koo limemkauka, na hakuna sanduku hata moja lililofunguliwa. Alipoulizwa kwa nini hakujichemshia kikombe kimoja, alijibu kwamba chai ile haikuwa imeandikwa jina lake.

Kuna jambo lake jingine ambalo kila mtu hapa analijua. Mzee Gosbert anakusanya kadi za zamani za wachezaji wa besiboli wa Marekani, zile ndogo zilizokuwa zikitiwa ndani ya pakiti za sigara miaka ya 1909 na 1910. Kila moja ni nyembamba, ndefu kidogo kuliko kiberiti, ina picha ya mchezaji mbele na tangazo la sigara nyuma. Mchezo wenyewe hajauona hata mara moja. Lakini ukimwuliza habari za Walter Johnson, atakueleza alivyorusha mpira kana kwamba walikaa mtaa mmoja. Kadi ya Wagner, inayosakwa kuliko zote, hajawahi kuiota. Inasemekana Wagner aliwakataza watu wa sigara kutumia picha yake, ndiyo maana zimebaki chache. Mzee humheshimu kwa hilo. Husema, "Huyo ni mwali wa ndani. Mimi natosheka na hawa waliotoka nje."

Kadi yake ya kwanza aliipata mwaka 1973. Mpishi wa meli ya Kimarekani alisahau mfuko wake gatini, na Mzee, aliyekuwa ameenda kuchukua mzigo wetu, akamfuata nao hadi ngazi ya meli. Mpishi alikuwa hana kitu cha kumpa ila kadi ya babu yake: Mathewson, mrushaji, amevaa kofia nyeusi. Kutoka hapo Mzee akaendelea polepole, kwa mabaharia na kwa muuza stempu mmoja wa Grey Street, hadi zikafika kadi thelathini na moja. Albamu aliiweka kazini, katika kabati lake la chuma, kwa sababu nyumbani paa lilivuja. Mathewson alikaa ukurasa wa pili, nafasi ya sita.

Saa ya chakula Ruphin, dereva wetu wa foklifti, hakumwacha apumue kwa utani juu ya wachezaji hao na fimbo zao.

"Papa Gosbert, hawa batu yako ya fimbo, leo balikula?"

"Walikula. Wamekuachia vyombo uoshe."

"Ruphin, acha Papa," Mama Henriette wa ofisi ya stoo alimkemea. "Wewe iko na calendrier ya bia kwa ukuta. Yeye iko na wazee wake. Nani mwenye akili?"

Sasa inakuja Jumanne, tarehe 11 Machi 1997. Siku hiyo kizimba kilipokea sanduku la mhandisi Mmarekani aliyekuwa akihamia Durban kwa mkataba. Ndani yake mlikuwa na kadi ishirini na nne za aina ile ile, katika vifuko vya plastiki, pamoja na orodha ya majina. Mzee Gosbert alizitazama kwa mbali, mikono nyuma, kama mtu aliye msikitini kwa watu. Kisha akamwambia karani, "Usihesabu vifuko. Joto la hapa hufanya karatasi zinatane. Zitoe moja moja."

Karani alihesabu vifuko. Saa kumi na nusu ilikuwa imekaribia na basi la wafanyakazi lilikuwa linanguruma nje. Alipata ishirini na tatu. Jina la kwenye orodha lililokosa kadi lilikuwa Mathewson.

Karani huyo ni mimi, na kuanzia hapa nitaandika kwa jina langu, maana haifai nijifiche nyuma ya cheo.

Meneja aliuliza nani humu anajua thamani ya vitu hivi. Hakuna aliyenilazimisha kujibu. Nilisema, "Mzee Gosbert anayo moja ya mtu huyo huyo." Kabati likafunguliwa, albamu ikatolewa, Mathewson akakutwa nafasi ya sita. Mzee alisema kadi ni yake, ya tangu 1973. Meneja akamwuliza shahidi ni nani. Mzee alinitazama mimi, nami nikaitazama kalamu yangu.

Shahidi nilikuwa mimi. Nina kawaida ya kuandika shajara kila siku, na chini ya Jumapili, tarehe 21 Agosti 1994, nimeandika hivi: "Leo nyumbani kwa Mzee G. Kaja na albamu toka kazini, kanionyesha Mathewson wake. Kona ya juu kushoto imekunjika, doa la wino wa buluu chini ya kofia. Tumekula ndizi." Usiku wa tarehe 11 Machi niliufungua ukurasa huo, nikausoma, nikaufunga. Kama kadi ilikuwa ya Mzee, basi kosa lilikuwa la hesabu, na hesabu ilikuwa yangu. Kibali changu cha kufanya kazi kilikuwa kimebakiza wiki tano. Hiyo ndiyo sababu, wala sina nyingine.

Kesho yake kadi ilikabidhiwa kwa mhandisi pamoja na maneno ya kuomba radhi. Mzee alinyang'anywa funguo, akapewa barua ya onyo, akapelekwa uwanjani kupanga mapaleti ya mbao ya kuwekea mizigo. Alikuwa na miaka hamsini na tisa. Kila asubuhi nilipita mbele yake nikielekea kizimbani, naye kila asubuhi alinijibu salamu. Ruphin aliacha ule utani wa chakula. Kwa muda wa miezi kumi na tisa hakuna aliyemwuliza Mzee habari za wachezaji wake.

Ijumaa, tarehe 5 Juni mwaka huu, ilifika barua ya yule mhandisi, ambaye sasa amerudi kwao. Barua za wateja hufunguliwa na mimi. Aliandika kwamba alipobadilisha vifuko alimkuta Mathewson wake amenata nyuma ya Johnson, ndani ya kifuko kimoja. Basi yule mwingine hakuwa wake. Alikuwa na aibu, akaambatanisha kadi iliyo safi zaidi kati ya zile mbili ili apewe mwenye kadi kama radhi; ile ya wino alibaki nayo mhandisi. Yeye aliona aibu kwa kosa ambalo halikuwa lake. Mimi niliitia barua na kadi ndani ya droo yangu, nikaipiga kufuli, na zikakaa humo siku mia moja thelathini na tano.

Jumapili, tarehe 18 Oktoba, nilikwenda nyumbani kwa Mzee Gosbert nikiwa na kadi, barua na shajara. Nilimsomea ukurasa wa 1994. Alisikiliza hadi mwisho.

"Ndizi zilikuwa nzuri siku ile," alisema.

Nilimwambia nimekuja kuomba msamaha. Akasema, "Msamaha tutaongea. Kwanza nipe hiyo kadi niione." Akaisogeza dirishani, akaigeuza nyuma na mbele, kisha akanirudishia.

"Huyu si wangu."

Nikamweleza kwamba mhandisi amempa kwa hiari, na kwamba hii ni bora kuliko ile yake.

"Nimesikia. Mpe shukrani zangu. Lakini wangu ana wino. Nikimchukua huyu, wale waliosema nimechukua kadi ya Mmarekani watakuwa wamesema kweli."

Kisha akanipa agizo. Kamati ya kuagana naye ilikuwa imempangia Ruphin aandike wasifu. Mzee alikataa. "Mwenye tarehe ni wewe. Andika wewe, na zote uziweke."

Jumatano, tarehe 21, nilipeleka kila kitu kwa meneja. Barua ya onyo imetolewa kwenye faili la Mzee na imewekwa nyingine kwenye langu, kwa haki. Meneja amemwomba radhi kwa mkono wake, na barua hiyo imebandikwa karibu na mashine ya kadi za mahudhurio. Kadi safi imerudishwa kwa mhandisi kwa posta ya rejista, pamoja na ombi la kurudishiwa ile ya wino. Jibu bado, kwa hiyo Mzee anasafiri kwenda Bukoba na albamu ya kadi thelathini. Ukurasa wa pili, nafasi ya sita, mna kifuko kitupu.

Alipoulizwa anataka zawadi gani, Mzee aliomba funguo za kizimba kwa siku tano za mwisho, ili azikabidhi mwenyewe kama mtunza stoo yeyote anayeondoka. Amepewa tangu Jumatatu. Jana Ruphin alipita na foklifti, akapunguza mwendo na kuuliza kama batu ya fimbo balikula. Mzee alimjibu, "Leo wamefunga." Ijumaa saa tisa atazikabidhi funguo hizo kwa Mama Henriette. Mimi nipo ghalani kwa muda mrefu kuliko Mama Henriette, na hakuna aliyeuliza kwa nini si mimi.

Mzee Gosbert, ghala zima linakushukuru kwa kazi, kwa vicheko, na kwa kila sanduku la chai ambalo hukulifungua. Kadi yako ya wino ikifika itapokewa na Mama Henriette, itatolewa kifukoni, itatazamwa pande zote mbili, na itatumwa kwako. Tunakuombea safari salama, afya njema huko nyumbani, na ukurasa usio na pengo.