Sigaa Alizoniachia Hakimu

Sogezeni viti, wanangu. Bi Kioo, zima hiyo feni, inanipokonya maneno kabla hayajawafikia, na wewe Mwalimu weka simu mfukoni, leo sitakuuliza habari za shule. Nina pumzi ya kusema jambo moja refu na mengine madogo mawili matatu, na nataka niyaseme jua likiwa bado limesimama dirishani, nikiziona sura zenu.

Yale madogo kwanza. Nyumba hii ni yenu wawili. Msiikate kwa ukuta. Anayetaka kukaa akae, na anayetaka kuondoka aondoke bila kununa. Duka la miwani ni la Bi Kioo, maana jina hilo hakulipata bure, tangu ana miaka kumi na sita alikuwa akinoa lenzi vizuri kuliko mimi, na mimi nikijifanya sioni. Mwalimu, wewe chukua vitabu vyangu na kile kiti cha ngozi cha chumba cha nyuma, ila ukianike kwanza, kimelewa moshi. Daktari anasema ni kifua. Hakusema ni sigaa, nami sikumwuliza, kwa sababu jibu nilikuwa nalo.

Na sigaa ndizo ninazotaka kuwaambia habari zake.

Mnajua nilivyozipenda. Si hizi sigara za karatasi ambazo mtu huvuta kituoni amesimama kama anayekimbizwa. Nasema zile nene za jani tupu, zilizosokotwa kwa mkono, ambazo ukiibonyeza moja kwa vidole viwili inakurudishia kidogo, kama shavu la mtoto. Haivutwi ikaenda kifuani. Unakata ncha yake kidogo tu, unaipasha moto polepole bila mwali kuligusa jani, halafu unaupokea moshi mdomoni, unaukalisha kama mgeni, unauacha uondoke wenyewe. Mwanzo wake ni ladha ya mbao na majani makavu. Katikati inakolea, utaonja kahawa, ngozi, mara pilipili manga. Mwisho ndiko inakosema kila ilichonacho, na watu wengi huizima kabla hawajafika huko. Nayo haizimwi kwa kukandamizwa, inaachwa ife yenyewe.

Wala sikuwa mchoyo wa starehe hiyo. Mtu akija dukani kupima macho, nikishamkalisha na kumsomesha zile herufi za ukutani, tayari nimeijua sigaa yake. Yule mwashi mwenye hasira nilimshauri ya jani jeusi, fupi, inayomlazimisha mtu atulie, na baada ya wiki alirudi akasema mkewe anauliza nimemfanya nini mumewe. Yule karani wa posta mwenye wasiwasi nilimwambia aanze na nyembamba ya rangi ya asali, mchana, akiwa ameshiba. Akavuta na njaa, akatapikia maua ya jirani. Mama yenu alicheka hadi akakaa chini sakafuni. Nilikuwa nikimwona mtu anafumba macho kwa moshi wa kwanza niliomchagulia, najiona nimempa kitu kikubwa kuliko miwani.

Aliyenifundisha mimi ni Hakimu. Mnamkumbuka, yule mzee mrefu wa nyumba ya kona, aliyekuwa akigonga goti lake kwa kidole cha mkono wa kushoto kila anapofikiri. Ndiye aliyemfunga mjomba wenu. Hilo mnalijua pia, kwa kuwa tangu mkiwa wadogo mmeambiwa kwamba kaka wa mama yenu ni mwizi, alivunja bohari aliyokuwa akiiendeshea gari, akampiga mlinzi mpaka sikio likafa, akafungwa miaka saba, na asitajwe humu ndani.

Mwezi mmoja baada ya hukumu ile Hakimu aliingia dukani kwangu na miwani iliyolegea mkono. Nikamkazia skrubu. Hakuondoka. Akaniuliza, "Umewahi kuvuta sigaa, fundi?" Nikasema sijawahi. Akasema, "Njoo Jumamosi." Nikaenda Jumamosi hiyo, nikaenda Jumamosi zote kwa miaka kumi na tisa, tukikaa barazani kwake viti viwili, tukizungumza habari za jani na unyevu na majivu. Kesi ya shemeji yangu hatukuigusa hata siku moja. Mara nyingine alikuwa ananitazama kama mtu anayengoja nimalize sentensi, kisha anageuza uso.

Alipofariki, mkewe aliniletea lile kabati dogo la mbao nyekundu. Ndani mlikuwa na sigaa zisizo na nembo, zimepangwa kama watoto waliolala, na kwenye droo ya chini miwani yake ya zamani. Mama yule akasema, "Mzee aliagiza umalize wewe mwenyewe. Usimpe mtu." Nikaona ni hisani. Tumbaku, wanangu, hushika harufu ya kila kilichokaa nayo, ndiyo maana haiwekwi karibu na sabuni wala vitunguu. Hizi zilikaa na Hakimu chumbani mwake miaka mingi. Hilo sikulifikiria.

Ya kwanza ilikuwa nzuri, na ya pili vilevile. Ya tatu niliivuta Jumapili mchana katika chumba cha nyuma, mlango umefungwa. Majivu yake yalirefuka meupe, hayakudondoka, yakapita urefu wa kidole na bado yameshika. Hapakuwa na upepo, lakini moshi haukupanda juu. Ulikwenda moja kwa moja kwenye kiti kitupu kilichonielekea, ukakaa hapo. Nikatazama chini, nikaona kidole changu cha mkono wa kushoto kinagonga goti. Nikakisimamisha. Nilipokisahau kikaanza tena.

Bi Kioo, siku ile ndiyo uliyonigongea mlango ukaniuliza, "Baba, nani anakohoa humo na wewe?" Nikakujibu ni mimi. Haikuwa mimi, mwanangu. Wakati huo mimi sikuwa na kikohozi.

Ningeacha. Mtu mwenye akili angeacha. Lakini kila Jumapili nilijikuta nimekaa, nimekata ncha, na nikaanza kuonja vitu visivyo vya tumbaku: wino, vumbi la majalada, joho la sufu lililonyeshewa. Kisha macho yangu yakaharibika. Nilikuwa sioni vizuri kwa miwani yangu, ukanikalisha kwenye kiti ukanipima, Bi Kioo, ukasema, "Baba, jicho la kushoto limepinda ghafla, si kawaida." Ukanitengenezea mpya. Ulipotoka nilikwenda kwenye sanduku la kadi za wateja nikaitoa ya Hakimu. Jicho kwa jicho, namba kwa namba, vipimo vyangu vipya vilikuwa vyake. Nikaivaa ile miwani iliyokuwa kwenye droo, na dunia ikakaa sawasawa.

Jumapili iliyofuata niliivuta sigaa nikiwa nimeivaa. Ilipofika mwisho mwisho, pale inapochoma ulimi, chumba kikaondoka. Nikajiona nimekaa juu, mbele yangu meza ndefu, chini yangu watu kwenye mabenchi. Ilikuwa mahakama, nami nilikuwa ninaitazama kutoka kiti cha Hakimu. Kizimbani alikuwepo mjomba wenu, kijana, kipara hana. Na mbele, mahali pa shahidi, alisimama mtu mwenye koti la kuazima. Huyo mtu alikuwa mimi.

Mwendesha mashtaka akampa yule mimi miwani iliyookotwa chini ya dirisha la bohari, akamwuliza ni ya nani. Nikamwona anavua miwani yake mwenyewe. Anaifuta polepole kwa tai. Anaiacha mkononi. Ndipo, macho matupu, hamwoni mtu yeyote mbele yake zaidi ya ukungu, anasema, "Ni ya shemeji yangu. Niliitengeneza mimi." Na huku juu nilikokaa, ndani ya kifua kisichokuwa changu, nikasikia kitu kinashuka kama jiwe kisimani: huyu anaficha.

Sasa nisikilizeni, sitarudia, sina pumzi ya kurudia. Miwani ya namna ile nilitengeneza mbili, lenzi sawa, fremu sawa, wiki moja. Moja aliichukua mjomba wenu. Ya pili aliichukua mtunza bohari, yule aliyekuwa na funguo zote. Mjomba wenu alisema tangu mwanzo kwamba yake ilimvunjikia barabarani mwezi mmoja nyuma, na hakuna aliyemsadiki. Mimi nilipokuwa nimesimama pale nilimkumbuka mtunza bohari. Nilimkumbuka vizuri, hata masihara yake nilipokuwa nikimpima. Nikanyamaza. Sijui kama ndiye aliyeiba. Amekwisha kufa, simsingizii. Najua tu kwamba nilijua kuna miwani mbili nikasema moja.

Kwa nini? Nilipokuja kumposa mama yenu, mjomba wenu alisema mbele ya wazee wote, "Huyu anapima macho ya watu kwa sababu hana uso wa kuwatazama." Watu wakacheka. Baba mkwe akacheka. Mama yenu naye, nyuma ya pazia, nilimsikia. Ni hilo tu, wanangu. Nililibeba miaka kumi na moja, nikalitua mahakamani juu ya kichwa cha mtu. Na mama yenu akafa akiamini kaka yake ni mwizi. Alipoumwa alikuwa anaota anamwita. Asubuhi nikimwambia, "Ulimwita kaka yako," ananijibu, "Mimi? Nina kaka?" Nikamfunika shuka nikaenda kufungua duka.

Nipeni maji. Polepole. Basi, inatosha.

Hakimu alijua, wanangu. Hakuwa na ushahidi, lakini alijua, akafunga jalada, kisha akanikalisha barazani kwake miaka kumi na tisa anangoja niseme. Hakuniuliza kwa sababu kuniuliza kungekuwa kujiuliza. Alipoona anakufa akaniachia njia nyingine.

Juzi niliwaambia nakwenda kliniki. Sikwenda. Nilimwambia dereva wa teksi anipeleke ng'ambo ya soko, kwenye kibanda cha fundi baiskeli. Mjomba wenu alikuwa ameigeuza baiskeli kichwa chini, ananyoosha gurudumu. Hakusimama. Nilikaa juu ya kreti nikamwambia yote, na nilipofika mahali pa shahidi hakuniacha nimalize.

"Ulivua miwani kwanza," akasema. "Ukaifuta kwa tai."

Jambo hilo mimi mwenyewe nilikuwa nimelisahau kabisa mpaka moshi uliponionyesha. Nywele zilinisimama, na lilikuwa jua la saa sita.

"Ulikuwa unajua?" nikamwuliza.

"Miaka saba sikuwa na kingine cha kujua." Akazungusha gurudumu, akalitazama mpaka likasimama. "Dada yangu alijua?"

"Hakujua."

Akafuta mikono, kidole kimoja kimoja. Kisha akasema, "Sitaki kitu chako, shemeji. Nenda ukawaambie wanao kwa mdomo wako, si kwa karatasi. Ukishawaambia, nitakuja." Nikamwambia aje keshokutwa, baada ya magharibi.

Nimewaambia. Usilie, Bi Kioo, au lia, lakini usiniachie mkono.

Maagizo sasa. Kwa wakili ipo barua yenye saini yangu na alama ya kidole changu, inaeleza habari za miwani zile zote mbili. Ipelekeni mahakamani, hata wakisema mambo ni ya zamani, ipelekeni ipokewe. Sigaa za Hakimu zimekwisha. Lakini miaka hii nilipanga zangu mlemle kabatini, na zimekaa na mimi kama zile zilivyokaa na yeye. Zitieni kwenye ndoo ya maji zioze, mzifukie. Kabati lichomeni. Atakayependa starehe hii anunue mpya dukani, avute mchana, ameshiba, na rafiki ambaye anaweza kumwambia kila kitu. Zangu msizivute. Mtajua mambo yangu mengi kuliko yanavyopaswa kujuliwa na watoto.

Mwalimu, najua ulichukua moja. Usitikise kichwa, mwanangu, sikugombezi. Tangu wiki iliyopita nakuona unapandisha kidole kwenye pua kusukuma miwani, kama nifanyavyo mimi, na wewe hujavaa miwani maisha yako yote. Jana ulipoingia humu ulinitazama muda mrefu mlangoni, na halikuwa jicho la mtoto kwa baba yake. Ulikwishaniona nimesimama pale na koti la kuazima, sivyo? Usinijibu. Ndiyo maana nimeharakisha. Nilitaka ulisikie kwangu kabla hujalionja lote. Usivute nyingine. Hicho kidole kitakuacha, kikikosa moshi.

Jua limeondoka dirishani au ni macho yangu... Haya.

Mungu awape usingizi mzuri, wanangu. Awape watoto watakaowauliza maswali, na awape ujasiri wa kujibu mapema. Bi Kioo, mikono yako isitetemeke. Mwalimu, ulimi wako usifungwe na hasira ndogo... ndogo tu, kama ile yangu. Muishi pamoja. Mpendane... mbele ya watu na... nyuma ya watu.

Kuna mtu getini. Amekuja mapema. Nendeni wote wawili, msimtume mtu. Mshikeni mkono, mumwamkie, mumwite mjomba... Semeni kwa sauti, ili... nisikie kutoka hapa.