Taa Niliyoichomoa Kabla ya Maombi

Bwana na asifiwe, ndugu zangu, asifiwe hata na mtu aliyesimama leo kusahihisha maneno yake mwenyewe.

Wengi mnanikumbuka. Jumapili tatu zilizopita nilisimama papa hapa, katika kanisa letu hili la Temeke, nikawaeleza jinsi maombi yalivyozima taa nyekundu ya lori. Mliimba. Mzee wa kanisa akaniomba nirudie kwa ajili ya waliochelewa, nikarudia, na mara ya pili ikawa tamu kuliko ya kwanza. Leo nimeomba nafasi tena. Nitakwenda polepole, ili hata ambaye hajawahi kukaa karibu na dereva anielewe.

Mimi ni fundi katika karakana ya shirika moja la umma. Tunalo lori la kupeleka saruji kwenye vijiji vya ujamaa. Injini yake ilikufa. Habari ya vipuri mnaijua wenyewe: unaandika barua, unasubiri. Nilisubiri miezi miwili injini ikiwa wazi, na mchanga wa Temeke haupigi hodi. Basi nikafanya kama tufanyavyo mafundi wote huku, kila tundu nikaliziba kwa tambara. Nilichana kanga kuukuu ya mke wangu vipande vipande. Vipuri vingine havikuja kabisa, nikavichonga mwenyewe. Gasketi, ile ya kuziba maungio ya injini, nikaikata kwenye karatasi ngumu ya boksi. Injini ikawaka. Msimamizi akaniita mbele ya wenzangu, akasema huku ndiko kujitegemea. Wakapiga makofi. Ndugu zangu, sifa ile ilinilewesha, mimi nisiyekunywa pombe.

Ila taa moja haikuzima. Kwenye dashibodi, mbele ya usukani, kuna taa ndogo nyekundu ya oili. Ukifungua swichi, lazima iwake. Injini ikishanguruma na oili ikapanda kulainisha vyuma, inazima yenyewe. Isipozima, inakuambia kwamba vyuma vinasagana vikiwa vikavu, simamisha gari. Haina kazi nyingine. Ya kwangu iliendelea kuwaka. Nikabadilisha waya, ikawaka. Nikaongeza oili, ikawaka. Kufungua injini upya ningeweza, lakini ningekuwa nakiri mbele ya wale wale waliopiga makofi kwamba kuna mahali nimekosea.

Nikalipeleka jambo hilo kwenye kikundi chetu cha maombi cha saa saba mchana. Mama Rehema, mpishi wa kantini yetu, akasema kesho tutaliwekea mikono. Hapo ndipo shetani alipovuta kiti akakaa. Nilijiuliza, wakiomba na taa isizime, itakuwaje? Siku ya pili yake, Alhamisi, kabla hawajafika, niliingiza mkono nyuma ya dashibodi, nikachomoa globu, nikaitia mfukoni. Nikajiambia kwamba nalilinda jina la Mungu. Jina nililolilinda lilikuwa langu.

Wakaja, wakaweka mikono juu ya boneti, wakaikemea taa. Nikawasha injini. Taa kimya. Mama Rehema akatokwa na machozi. Na Jumapili nikaja kwenu.

Dereva wa lori hilo ni Bwana Selemani, mwenyeji wa hapa Temeke, Mwislamu, baba wa watoto sita. Mara nyingi amenikaribisha kwake wakati wa futari. Jumatatu alipangiwa kwenda kuchukua saruji Tegeta. Nami peke yangu nilijua kwamba injini ikikwama njiani, lawama haitamfuata fundi aliyesifiwa. Itamwangukia dereva. Watasema hakuangalia oili, watasema amehujumu mali ya umma, na siku hizi neno hilo likishaandikwa, mtu anapoteza kazi, kama hakupoteza zaidi ya kazi.

Akapanda, akafungua swichi, akanitazama huku anacheka.

"Baba Neema, maombi yenu makali. Hii taa sasa haiwaki hata swichi ikiwa wazi. Basi mie leo naendesha kama bwana harusi."

Pale ndipo nilipopaswa kusema. Nikacheka naye. Akatoka getini.

Sasa niwaeleze kilichonipata, wala sitakipamba. Sikusikia sauti. Sikuona nuru. Niliona tu kwamba mkono wangu umeishika ile globu mfukoni, na nikatambua kuwa tangu Alhamisi, kila nilipofumba macho kusali, mkono huo ulikuwa umo mle mle. Nikasema, "Bwana, nimechoka kuficha. Nitoe." Miguu ikaanza kukimbia kabla moyo haujakubali.

Nilimkuta njia panda, amesimama kupisha mikokoteni. Nikadandia mlangoni, nikamwomba azime injini. Akazima. Nikafungua kiganja. Aliitazama globu mpaka mkokoteni wa mwisho ukapita.

"Ungeniacha niende?" akauliza.

"Nilikuacha. Umefika hapa kwa sababu nilikuacha."

Akashuka kwenye lori. Lori likavutwa kurudi karakana, nami nikamweleza msimamizi yote, mbele ya wale wale. Tukafungua sampo, lile bakuli la oili chini ya injini. Mdomo wa pampu inayopandisha oili ulikuwa umezibwa na kipande cha kanga ya mke wangu. Nilikisahau mle siku ya kufunga injini. Beringi, zile zinazohitaji oili hiyo ili zizunguke, zilikuwa zimeanza kukwaruzika, Tegeta zisingefika. Tukalitoa tambara, tukarekebisha palipoharibika, nikairudisha globu, tukawasha. Taa ikawaka. Tukavuta pumzi kama mbili, ikazima yenyewe. Sijawahi kuona kitu kizuri kama kile.

Nimepewa barua ya onyo, na kwa miezi mitatu naosha vyuma vya mafundi wenzangu. Mama Rehema alikaa siku mbili bila kusema nami. Siku ya tatu alinipakulia ugali, akasema, "Kumbe tulikuwa tunamkemea mjumbe." Naye Selemani, kila asubuhi ananiita nije niitazame taa ikiwaka na kuzima, ndipo aondoke. Sijui kama ni utani au ni adhabu. Nakwenda.

Ndugu zangu, msiondoke hapa mkidhani Mungu hakujibu maombi yetu. Alijibu kabla hatujaomba. Jibu lilikuwa linawaka mbele ya macho yangu siku nzima, mimi nikaliona ni aibu. Kwa hiyo nakusihi wewe unayesumbuliwa na jambo lisilozima, nyumbani kwako au moyoni mwako, usianze kwa kulikemea. Kaa nalo kwanza, uliulize linasema nini. Pengine limetumwa.

Namshukuru Yesu aliyenitoa kwenye sifa nisiyostahili, akamrudisha Selemani kwa watoto wake bila doa. Namwomba mzee wa kanisa asiufute ushuhuda wangu wa kwanza katika daftari, ila auandike huu chini yake. Na wewe uliye na la kukiri, mtumaini Yesu, uje kama ulivyo. Upendo wake haupungui akiusikia ukweli wako. Mimi nilidhani utapungua, na hapo hasa ndipo alipokuja kuniokoa.