Waliomba Maji, Nikaandika Cherehani

Nawasalimu, ndugu zangu, kwa jina lililoniokota chini na kunisimamisha hapa leo. Sitamtaja mtu. Aibu ni yangu, acheni niibebe mwenyewe.

Wengi mnanijua kwa kazi ya kuchapa kule Kisenyi, hapa Kampala. Barua za kuomba kazi, fomu za shule, maombi ya misaada, yote yalipita mikononi mwangu, na nilijivuna. Banange, nilijivuna sana! Nilijiona najua wenye fedha wanapenda kusikia nini.

Kwetu ni Kenya, kaskazini, kwenye ukame. Kampuni moja ilisimamisha mitambo ya umeme wa upepo huko, yale mapangaboi marefu, na kila mwaka hutoa ruzuku kwa vikundi vya wenyeji. Shangazi yangu, aliyenilea, alikuwa mwenyekiti wa kikundi cha akina mama. Hakujua kusoma. Akanipigia simu: "Mwanangu, andika maji. Bomba la kambi yao linapita hapa karibu. Watuunganishie, watupe na tangi."

Kiangazi, wanawake wa kwetu huchimba mchanga wa mto uliokauka. Shimo hushuka hadi kupita kimo cha mtu, na mmoja huingia chini kuchota. Nililijua hilo. Nimekunywa maji hayo utoto wangu wote.

Lakini mimi, mjanja wa mjini, nikaona maji kila mtu anaomba. Mteja mmoja alikuwa ameniambia miradi ya wanawake kujitegemea ndiyo inapita upesi. Nikaandika cherehani na mafunzo ya ushonaji. Alama zao za vidole, badala ya sahihi, zilikuwa tayari kwenye ukurasa wa mwisho wa fomu waliyonitumia. Shangazi akapiga tena: "Nisomee, wenzangu wako hapa wasikie." Nikamwambia laini inakatika. Ndugu zangu, nawaambia ukweli, laini haikuwa ikikatika. Nilimsikia hata akikohoa.

Ruzuku ikatoka. Akanipigia: "Wameleta cherehani, mwanangu. Maji yatakuja lini?"

Nikajibu, "Yatakuja."

Kiangazi kilichofuata, ukuta wa mchanga ulimwangukia shangazi akiwa chini shimoni. Walimfukua kwa mikono na sufuria. Walipomfikia alikuwa ameshakufa.

Sikwenda kumzika. Nilidanganya kwamba naumwa. Kuchapa nikaacha, maana kila fomu niliyoishika niliona vidole vile. Nikahamia Port Bell, bandarini, kwenye pombe ya waragi, nikalala popote. Nilijichukia. Mmoja wenu alinivuka mlangoni pa baa akidhani ni gunia. Cheka tu, ndugu, hata mimi ningedhani hivyo.

Mama mmoja wa ushirika huu wa kanisa ndiye aliyeniinua. Aliniosha, akanilisha, akasikiliza yote. Kisha akasema: "Nyabo, dada yangu, unalia huku Kampala, na wenye msiba hawajui unalilia nini. Nenda uwaambie." Akanikatia tiketi ya basi.

Nikafika. Cherehani zilikuwa zimefunikwa leso, na bado zimejaa mchanga. Nikasimama mbele ya akina mama nikaeleza kila kitu, kwa kupaza sauti, maana upepo wa kwetu hauna adabu. Hakuna aliyelia. Binti wa shangazi akainuka akaondoka, nami nikajua nimekwisha. Kumbe alikwenda kuchukua fomu mpya ya ruzuku. Akanitupia mapajani.

"Kaa chini. Andika. Leo unaandika tukisikia."

Tuliandika kutwa nzima. Kila sentensi niliwasomea, wakabishana, wakanisahihisha, nikafuta, nikaandika upya. Vidole waliweka mwisho kabisa, baada ya kusikia yote.

Tangi limesimama, ndugu zangu. Mwaka huu hakuna aliyeingia shimoni. Binti yule hajanisamehe, na sitamharakisha.

Nawashukuru nyinyi mlionipokea nikinuka pombe. Namshukuru yule mama, anajijua. Nawashukuru akina mama wa kwetu, walionipa kalamu tena wakati wangeweza kunifukuza. Nimerudi kwenye kazi yangu. Mkiniletea fomu, nitawasomea kila neno kabla hamjatia sahihi, hata kama mna haraka. Nikisema laini inakatika, nijieni mpaka mlangoni. Msiniamini tu, jamani. Shangazi aliniamini.