Mtambo Ulioko Chini ya Kitanda

Tegeni masikio wanangu, Mjaka na wewe Tabia, pumzi zangu zinahesabika, na Silima jirani yetu nshaambiwa amekwenda kuwaita askari. Alinisikia dirishani nikisema, "Tabia, utunze mtambo wa kurushia," kikohozi kikanikata kabla sijamalizia, "picha." Na miaka miwili hii tangu Mapinduzi, mtambo wa kurushia ni wa kupelekea habari kwa maadui, hauna maana nyengine.

Msiuzike uani, Mjaka, wala msiutose baharini Forodhani. Chenye kufichwa ndicho chenye kufunga watu. Utoeni chini ya kitanda, muuweke mezani, tundikeni shuka nyeupe ukutani.

Mimi Duni, niliyefika Bombei na Adeni nikijiona mjanja, niliununua nikidhani ni cherehani ya kumpelekea mama yenu! Na kweli ni ndugu: una mkono wa kuzungusha, na ndani mna kijino kinachoingia katika vitundu vya filamu, kikaivuta picha moja, kikaiacha, kikarudia, kama cherehani isogezavyo nguo. Kibati huziba mwanga picha inapohama, jicho likadanganyika, likaona watu wanatembea. Lakini taa ni kali na filamu ile ni baruti. Mkono ukisita, inawaka, na nyumba nayo. Azungushe Tabia, na mtambo nnamwachia yeye. Wewe Mjaka ukiona bunduki utatetemeka, umenirithi mimi.

Picha zile hazina sauti, nilikuwa nikizisemea mimi, na hapo ndipo nilipomkosea Silima. Kila akitokea mjinga wa kuanguka matopeni, nikipiga kelele, "Silima huyoo!" mtaa mzima wa Jang'ombe ukicheka, hata siku ya harusi yake watoto wakamwimbia. Mchuma janga hula na wa kwao, na leo nyinyi ndio mnaolishwa. Msimlipizie kisasi. Yule mjinga leo mwiteni kwa jina langu, mcheke kwa nguvu, Silima asikie.

Hodi hiyo... Fungua, Mjaka. Mpe Silima shikamoo yake, askari wakalisheni mkekani, yeye mpeni kiti cha mbele. Tabia, washa taa. Mwenyezi Mungu awalinde, wanangu, awape mikono mitulivu na ndimi zenye haya kuliko ulimi wangu... Nigeuzeni niuone ukuta.

Karibu, Silima, ndugu yangu. Kaa... Mtazame Duni yule... huyoo... anaanguka...