Wimbo wa Goti na Buti la Dorsey Ratliff

Wasikilizaji wapendwa, kitu cha kwanza nilichokiona kwake kilikuwa mguu. Alikuwa ameketi hapa studio, kwenye kile kiti chenye mto uliochanika, kikombe cha kahawa mkononi. Wimbo ulikuwa unapigwa. Uso wake ulikuwa umekunjamana kama wa mtu aliyeuma limau. Lakini chini ya meza, buti lake la kushoto lilikuwa linagonga sakafu, taratibu, likifuata ngoma. Wimbo ulipokwisha alisema, "Takataka." Kisha akauliza kama unaweza kurudiwa.

Huyo alikuwa Dorsey Ratliff, wa hapa hapa kwetu Kettle Fork, mji wa migodi. Mchimba makaa ya mawe. Mwanajeshi wa vita vya Vietnam. Tumemzika jana.

Wimbo wenyewe wengi mnaujua. Wazee huuita Wimbo wa Goti. Unasimulia kijana wa kitajiri ambaye goti lake liliugua asubuhi ya kuitwa jeshini, likapona jioni ya dansi. Beti zake ni kejeli tupu. Ila kiitikio chake kinapaa: "Tembea, Amerika, tembea." Asiyesikiliza beti atadhani ni wimbo wa kusifu bendera. Mliweke hilo akilini, wasikilizaji.

Dorsey alizaliwa kambi ya chini, kwenye nyumba za kampuni ya makaa. Wakubwa walikaa kilimani. Wito wa jeshi ulipokuja, vijana wa kambi ya chini waliondoka karibu wote. Wa kilimani walikuwa chuoni, na mwanachuo aliachwa kwanza amalize masomo. Mmoja tu hakuwa chuoni. Preston Hale, mtoto wa meneja wa mgodi. Yeye alikuwa na cheti cha daktari. Kilisema goti.

Dada yake Dorsey, Bi Verna, anakumbuka vizuri. "Jumapili alicheza besiboli, Jumatatu anachechemea. Tulicheka mpaka machozi. Halafu yakabaki machozi tu, maana kaka yangu alikuwa anaondoka."

Tangu hapo, hapa kwetu mtu akikwepa jambo husemwa ana goti. Hata mtoto akikataa kuosha vyombo.

Wimbo ule Dorsey aliusikia mara ya kwanza hukohuko vitani, kwenye redio ndogo ya rafiki yake Salcido, kijana wa Texas. Hema zima liliuimba. Binti yake Dorsey, Darlene, anayakumbuka maneno ya baba yake: "Kule tuliuimba kama tunalaani. Kila mmoja alikuwa na goti lake huko kwao analolijua kwa jina."

Salcido hakurudi. Dorsey alirudi.

Njiani kurudi nyumbani, basi lilisimama kwenye mji wenye chuo kikuu. Nje ya kituo vijana walikuwa na magitaa, wanapinga vita. Wanaimba wimbo uleule. Msichana mmoja akamwita, "Njoo, kaka, imba na sisi." Mwenzake akaangalia sare za jeshi, akasema, "Muulize kwanza ameua wangapi."

"Nilibeba begi langu, nikageuka," Dorsey alimwambia bintiye. "Walikuwa wanasema kweli. Vita vilikuwa vibaya, na mimi nilivijua kuliko wao. Lakini wale wote walikuwa magoti, Darlene. Magoti wanaimba wimbo wa goti. Sasa mimi niimbe nini?"

Alipanda basi. Akaja nyumbani, akaingia mgodini. Hakuuimba tena. Nyumbani mtu akiuweka, yeye anatoka nje. Lakini Darlene anasema alikuwa haendi mbali. Alisimama barazani, palipo na dirisha.

Preston Hale alirithi pesa za baba yake, akafungua duka la magari, akawa mwenyekiti wa gwaride la Julai nne, siku ya uhuru. Mwaka mmoja akafunga vipaza sauti kwenye gari lake, akawatangulia wanajeshi wa zamani. Na wimbo gani aliuweka? Ndio huo. Kiitikio kilimpendeza. Beti hakuwahi kuzisikiliza.

Dorsey ndiye aliyebeba bendera. Akasimama katikati ya barabara.

Preston akatoa kichwa dirishani. "Vipi, Dorsey, umechoka?"

"Hapana, bosi. Goti."

Barabara nzima ilicheka. Preston naye akacheka, akapunga mkono, akaongeza sauti. Akawa anauweka kila mwaka. Hakuelewa? Au alielewa, akaamua kupigwa vijembe hadharani kila Julai? Hatujui. Dorsey mwenyewe alikuwa hajui. Na kila mwaka alikwenda kubeba bendera nyuma ya gari lile.

Baadaye vumbi la makaa lilimaliza mapafu ya Dorsey. Aliyekuwa akimpeleka hospitali ya wanajeshi, ng'ambo ya milima, ni Preston. Wakati huo Preston anatembea na fimbo. Goti.

"Labda lilikuwa bovu tangu mwanzo," anasema Bi Verna. "Labda tulimcheka bure. Sijui. Na nimechoka kutojua."

Basi jana, makaburini, Preston alikuja na gari lile lenye vipaza sauti. Bi Verna akamzuia, mikono kiunoni.

"Usithubutu, Preston. Kaka yangu aliuchukia huo wimbo."

"Ameniagiza mwenyewe, Verna."

"Amekuagiza nini?"

Preston alivua kofia. "Alisema, 'Preston, nikifa uniwekee ule wimbo. Ila safari hii usikilize maneno.'"

Bi Verna akapisha.

Wimbo ukapigwa wote, kila ubeti. Preston alisimama kando ya jeneza, kofia mkononi, mguu unamtetemeka. Akaletewa kiti, akakataa. Beti zikaendelea. Ndipo Bi Verna akamsukumia kiti nyuma ya miguu. "Kaa chini, mjinga wewe. Una goti."

Akakaa. Hakuna aliyecheka. Alimtukana au alimhurumia? Tumekula maharage na mkate wa mahindi pale kanisani mpaka jioni, tukiulizana.

Darlene, Bi Verna, na ukoo wote wa Ratliff, poleni sana. Nawe Bwana Preston, pole. Tunaobaki, tukisikia wimbo tunaoupenda, tukae tuusikilize mpaka mwisho, tujiulize unamsema nani.

Mzee Dorsey, siku ile ulinitazama ukaniuliza, "Binti, unadhani nauchukia huu wimbo?" Nikainamisha kichwa. Nikasema sijui, mzee.

Nilikuwa najua kitu kimoja. Buti lako la kushoto lilikuwa linacheza. Nililiona kila ulipokuja.