Fundi Mlango na Swichi ya Tatu

Ndugu, majirani na marafiki mliofika kumsindikiza baba yetu, tunawaomba waliosimama juani wasogee kivulini, nafasi ipo, kisha mtusikilize kidogo sisi wakwe zake tuwasomee maisha yake, tangu alipozaliwa hadi alipotutoka.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, katika chumba cha nyuma cha duka la mshona viatu, akiwa mtoto wa pili wa mshona viatu huyo na mkewe, na bibi yetu alipenda kusimulia kwamba mtoto huyu hakusumbua kwa kilio, alilala chali akaikodolea macho taa ya darini, kama mtu anayetaka kujua inawakaje.

Alianza shule ya msingi mwaka 1959, akaendelea na sekondari, kisha akaingia chuo cha ufundi kusomea umeme, akahitimu mwaka 1974, na wenzake wa chuoni, wawili wako nasi hapa, wanamkumbuka kwa neno moja, kwamba hukugusa waya mbele yake bila yeye kukuuliza, "Umezima?", na hata ukimwambia ndiyo alikwenda kuhakikisha mwenyewe, halafu akarudi akicheka, akisema, "Sikudharau, ndugu yangu, nakutakia uzima tu."

Kazi aliianza kwa kutengeneza redio katika kibanda cha rafiki yake, na ni hapo, jirani na kibanda hicho, alipomwona mama yetu, mshonaji wa sare za shule, akampelekea suruali ipunguzwe, akairudisha iongezwe, akairudisha tena, mpaka mama akamwambia, "Kaka, suruali hii haina tatizo, mwenye tatizo ni wewe." Walifunga ndoa tarehe 8 Desemba 1979, wakajaliwa watoto watatu, dada yetu mkubwa mwaka 1981, kaka anayemfuata mwaka 1984, na kitinda mimba mwaka 1988, aliyezaliwa mzito hata wakamwita Gunia, naye aliomba jina hilo lisisomwe leo, tunamwomba radhi.

Mwaka 1983 aliajiriwa na kiwanda cha maikrowevu, katika chumba cha wanaobuni mfumo wa umeme wa ndani, na kwa kuwa wengi wetu tunapashia chakula humo bila kujua kilichomo, yeye angependa tuwaeleze, kwamba ndani ya kile kisanduku mna umeme mkali unaoweza kuua, na mawimbi yasiyoonekana yanayoivisha nyama, iwe ya sahani au ya mkono wa mtu, kwa hiyo mlango ukifunguka tu, kila kitu lazima kizime. Kazi hiyo hufanywa na swichi mbili zilizofichwa mlangoni, na nyuma yake iko ya tatu, ambayo hungoja tu, ili siku hizo mbili zikinasa zisizime, yenyewe iikate fyuzi makusudi, maikrowevu ife palepale kabla haijamdhuru mtu.

Sasa mwaka 1989 kiwanda kilitoa maikrowevu mpya, na haukupita muda zikaanza kurudishwa, moja baada ya nyingine, zote fyuzi imekatika wakati swichi mbili za mwanzo ni nzima kabisa, na kwenye benchi la kazini baba aliufungua mlango na kuufunga mpaka kiganja kikaota sugu, wenzake nao wakapokezana, lakini fyuzi haikukatika hata mara moja. Msimamizi wao, ambaye wote walimwita Bosi Haraka, alimwita akamwambia, "Fundi, toa hiyo swichi ya tatu, mbili zinatosha, watu wanataka kupasha wali, hawataki ulinzi wa benki," naye baba akamjibu, "Mbili zikinasa, bosi, nani atauzuia mkono wa mtoto?" Alipewa mpaka mwisho wa mwezi, ama apate sababu, ama aitoe, ama ampishe atakayeitoa, na nyumbani ana watoto watatu, mdogo hajaanza kutembea.

Mama anasema siku hizo baba alikuwa anakula kama mtu anayetafuna karatasi, na maikrowevu moja ya kiwanda aliileta akaiweka juu ya meza ya jikoni, akawa anaitazama tu. Jioni moja mama alikuwa akipasha maziwa, Gunia amekaa kiunoni, kikombe amekishika kwa mkono mmoja, na kwa kuwa mtoto alikwishaanza kulia, hakungoja mashine imalize, alinasa pembe ya chini ya mlango kwa kidole cha mwisho, akauvuta kwa kuuelekeza chini, pap, ikazima, haikuwaka tena. Mama aliingiwa na hofu, akasema, "Baba Gunia, nimeharibu mali ya watu," lakini baba alikuwa amekwisha simama, anakitazama kile kidole, akabadilisha fyuzi, akamwambia kwa sauti ya chini, "Rudia, mke wangu, rudia vilevile, mtoto usimteremshe." Mama alidhani anadhihakiwa, akarudia kwa hasira, pap, na hapo baba akaketi sakafuni, akacheka mpaka machozi yakamtoka.

Kosa lilikuwa la wao wote pale kiwandani, kwamba waliojaribu ule mlango walikuwa mafundi wenye mikono mitupu, wamesimama wima, wanavuta katikati ya mpini, na mlango unatoka sawasawa, ilhali nyumbani anayeufungua ana mtoto kiunoni, anavuta pembeni, mlango unapinda, na swichi ya tatu, iliyowekwa mbali na wenzake kwenye plastiki laini, inaamka kabla ya hizo mbili kuachia, inadhani kuna hatari, inakata fyuzi. Kesho yake alikwenda kazini na mama na Gunia, akawaita wapishi wa kantini na wafagiaji wenye watoto wao, Bosi Haraka akauliza, "Leo tumekuwa kliniki?", lakini alipoona fyuzi zikikatika mbele yake alivua koti, akamchukua mtoto wa mfagiaji, akajaribu mwenyewe, ikakatika. Swichi zote tatu zilihamishiwa kwenye bamba moja la chuma, zikapangwa ili mlango ukivutwa kwa pembe yoyote, mbili zizime kwanza, ndipo ya tatu ifuate, maikrowevu zikaacha kurudi, swichi ya tatu ikabaki, na mpaka baba anastaafu mwaka 2011 hakuna mlango uliotoka kiwandani pale bila kufunguliwa kwanza na mtu aliyebeba mtoto, ndiyo maana wenzake walimwita Fundi Mlango.

Nyumbani hakuwa na makuu, na sisi wakwe zake tulioingia nyumba hii tukiwa wageni, tutamkumbuka mezani, kwani sahani zikishapakuliwa alinyoosha mikono amchukue mtoto mchanga, akasema, "Kula na mikono miwili, mwanangu," naye chakula chake akakila baadaye, kimepoa.

Mwaka 2020 mikono yake ilianza kutetemeka, madaktari wakatwambia ni maradhi yasiyopona ila hutulizwa, mwaka jana akashindwa kushika kijiko, na tarehe 30 Mei mwaka huu alilazwa kwa homa ya mapafu, akafariki alfajiri ya Jumanne, tarehe 6 Juni 2023, mama akiwa amemshika mkono, ameacha mjane, watoto watatu na wajukuu saba.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya wanaume, hasa yule muuguzi aliyempashia mto joto kwa pasi ili shingo isimuume, tunawashukuru majirani mliotupikia na kutufulia, na wafanyakazi wenzake wa zamani na wa sasa, mliotuletea viti hivi mlivyokalia. Na yuko mzee mmoja ametukataza tusimtaje, lakini tunamtaja, Bosi Haraka, ambaye miaka miwili mfululizo alikuja kila Jumamosi kwa fimbo yake kumnyoa baba ndevu, na tulipomwambia asijichoshe, kazi hiyo tutaifanya sisi, alisema, "Nipeni wembe, wanangu, huyu angenikubalia siku ile, mimi leo ningekuwa namlilia mtoto wa mtu."

Nenda salama, Baba, tumeshakuona ulivyotupenda, sasa pumzika, upumzike kwa amani.