Mpangaji wa Chumba cha Nyuma

Wasikilizaji wapendwa, Jumanne iliyopita mji wetu wa Padiham ulimpoteza Muriel Holgate. Alikuwa na miaka themanini na sita. Alifundisha hesabu miaka thelathini na mmoja, na wengi mnaonisikiliza aliwahi kuwarudishia daftari limejaa wino mwekundu. Lakini leo tunamkumbuka kwa jambo jingine. Muriel alimtafuta mama wa bibi yake, na kazi hiyo ilimchukua karibu miaka thelathini.

Bibi yake aliitwa Selina. Alilelewa hapa hapa na Job na Hannah Crabtree, wafumaji wa kiwandani. Mwaka 1949, siku mbili kabla ya kufa, Selina alimwambia binti yake Edna, "Mimi si wa Crabtree. Nilitolewa." Edna akauliza, nani alikutoa? Selina akageukia ukuta.

Edna ndiye mama wa Muriel. Alilibeba neno hilo hadi uzeeni, kisha akamkabidhi binti yake. "Wewe ndiye mwenye akili ya karatasi," alimwambia. "Nitafutie alizaliwa na nani. Na kama alimjua mama yake, au alikufa akijiona katupwa."

Wasikilizaji, wakati wa Malkia Victoria hapa Uingereza sheria ya kuasili mtoto haikuwepo. Mama alimpeleka mtoto kwa jirani, jirani akampokea, basi. Hakuna hakimu, hakuna sahihi. Kilichobaki ni sensa ya kila miaka kumi, na vitabu vya sensa hufungwa kwa miaka mia moja. Muriel hakuweza kutafuta. Aliweza kungoja tu.

Januari 1982 kilifunguliwa kitabu cha 1881. Edna alikuwa na miaka sabini. Katika nyumba ya akina Crabtree alikutwa Selina Pickles, miaka minne, mtoto wa kulea. Kwa jina hilo Muriel alipata hati ya kuzaliwa. Mama: Sarah Pickles, mfumaji. Mahali pa baba: wazi.

Akina Sarah Pickles wilayani walikuwa kumi na wanne. Muriel aliwafuata mmoja mmoja, Jumamosi baada ya Jumamosi, hadi macho yakamlazimu kubadilisha miwani mara mbili. Wengine aliwakuta makaburini, wengine na watoto wao halali.

Januari 1992 kikaja kitabu cha 1891. Edna alikuwa na miaka themanini. Safari hii Selina aliandikwa Selina Crabtree, binti. Sarah Pickles hayumo nyumbani humo. Muriel alimpelekea mama yake habari hiyo akiwa bado amevaa koti.

"Kwa hiyo hakuna kitu," Edna akasema.

"Hakuna, Mama. Hadi kitabu kijacho."

"Miaka kumi mingine? Serikali inataka nifikishe ngapi?"

"Tisini."

"Basi niwekee chai. Nitakisubiri kitabu nimekaa."

Na kweli alisubiri. Januari 2002 kitabu cha 1901 kilifunguliwa, Edna ana miaka tisini. Selina ameshaolewa, ana nyumba yake. Na ndani ya nyumba hiyo yumo Sarah Greenwood, mjane, mpangaji. Muriel hakufurahi haraka. Aliagiza hati ya ndoa ya Greenwood, akangoja wiki tatu. Hati ilisema: bibi harusi, Sarah Pickles. Mtaa wake na kazi yake ya ufumaji vililingana na hati ya kuzaliwa ya Selina.

Gillian, binti wa Muriel, alikuwepo bibi yake Edna aliposomewa. Anasema Edna aliuliza hivi:

"Greenwood? Yule mpangaji wa chumba cha nyuma?"

"Unamkumbuka?"

"Alikufa nina miaka tisa. Alikuwa ananisuka nywele. Mimi nilimwita Bibi Kikohozi, naye anacheka." Kisha akauliza, "Mama alijua?"

"Karatasi inasema mpangaji, Mama. Haisemi zaidi."

"Wewe na karatasi zako. Sema tu alijua, nilale."

Muriel hakusema. Hakuwa na ushahidi. Mwaka uliofuata Edna alifariki.

Kitabu cha 1911 kilifunguliwa mapema, mwaka 2009, kabla miaka mia haijatimia. Wasikilizaji, sensa ya 1911 ina tofauti moja: zimehifadhiwa fomu zenyewe, zilizojazwa nyumbani kwa mkono wa wenye nyumba. Mume wa Selina hakujua kuandika, akajaza Selina. Muriel alilinganisha mwandiko na barua tatu za bibi yake kabla ya kuamini macho yake. Kwenye mstari wa Sarah Greenwood, mahali pa uhusiano, Selina aliandika "mama". Kisha akapitisha mstari mmoja juu ya neno hilo, na juu yake akaandika "mpangaji".

"Miaka sita," Muriel alimwambia Gillian. "Nimemchelewa miaka sita."

"Serikali ndiyo iliyochelewa, Mama, si wewe."

"Aliniomba neno moja, nikamnyima."

Walibishana waandike nini kwa Sarah kwenye chati ya ukoo. Muriel alisema Selina amefuta, na aliyefuta aheshimiwe. Gillian akasema aliandika kwanza. Mwishowe Muriel alichukua kalamu na rula, akaandika "mama", akakata kwa mstari mmoja, akaandika "mpangaji" juu. Hakugusa chati hiyo tena.

Kwa Gillian na familia yote ya Holgate, poleni sana. Mazishi ni Ijumaa, saa tano asubuhi.

Nanyi wasikilizaji wapendwa, kama nyumbani kwenu yupo mzee anayeuliza swali, mjibuni mnachokijua na mnachokidhania, na mwambieni lipi ni lipi. Muriel alimjibu Edna nusu tu, kwa sababu nusu hiyo ndiyo iliyokuwa na muhuri.